Kwa Nini Tunamwita Jaji

Joseph Sinde Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akawa Waziri wa Sheria, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Vyeo vyote hivyo tumevisahau. Mpaka huku Tunduma, ni "Jaji Warioba" tu. Ujaji wenyewe ulianza 1996, alipochaguliwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, akakaa miaka mitatu.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la Uraia, mada ya mihimili ya dola. Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, mtu aliyekula serikalini miaka yote hiyo ataihukumu serikali kweli?" Darasa likacheka. Swali lenyewe si la kucheka. Ibara ya 113A ya Katiba yetu inamkataza jaji kujiunga na chama cha siasa. Anayetoka kwenye siasa kuja mahakamani, ibara hiyo haimgusi.

Nikawapa kesi ya meli ya Saiga. Oktoba 1997 meli hiyo, iliyokuwa ikiuzia dizeli vyombo vya uvuvi karibu na Guinea, ilikamatwa kwa madai ya magendo. Saint Vincent ikasema hiyo ni meli yetu. Julai 1999 Guinea ikaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 2. Majaji 18 walikubali, wawili wakakataa: Ndiaye wa Senegal na Warioba wetu. Warioba alisema usajili wa muda wa meli uliisha Septemba, wa kudumu ukapatikana Novemba. Siku inakamatwa haikuwa na usajili. Watoto wa mpakani, waliozoea kuona lori limelala foleni kwa sababu ya karatasi moja iliyopitwa na tarehe, walielewa kabla sijamaliza.

"Si bado aliitetea serikali?" Binti huyo huyo. Ndiyo, ya Guinea, na hoja yake ina uzito. Mimi naona alizitetea tarehe tu, tena karibu peke yake.

Nikamwongezea Desemba 2013: Tume ya Mabadiliko ya Katiba, yeye akiwa mwenyekiti, ilikabidhi rasimu yenye serikali tatu, wakati sera ya CCM, chama kilichompa uwaziri mkuu, ni mbili.

Akafikiri kidogo. "Sasa hapo, Mwalimu, alikuwa bado jaji?"