Jina Juu ya Santuri

Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika. Naanza na hilo makusudi, ndugu msomaji, maana sisi tulioishia kidato cha nne na bado tunaota riwaya, huwa tunajidharau kabla hatujadharauliwa na mtu.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akitembeza vyungu akiviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini. Wakati huo taarabu ilikuwa ya Kiarabu, muziki wa jumba la Sultani na wa vilabu kama Akhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905. Ali Muhsin akamfundisha kuimba, na Siti akaileta taarabu kwenye Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wapishi na wauza vyungu wenziwe. Waliomcheka kwa ushamba wake walikuwapo. Siku hizi hakuna anayewakumbuka.

Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV. Santuri za siku hizo zilivunjika kama sahani, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi tu. Hebu fikiri: wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha, sasa ukatwe kama kitambaa cha kanzu!

Mimi nimezisikia kwa simu tu, huku Bangwe. Kwanza unakuja mkwaruzo kama dagaa wanaokaangwa, halafu violini, halafu ile sauti ya puani, kali, isiyobembeleza mtu. Wimbo ulionikamata ni "Kijiti". Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, lawama ikawaangukia wanawake aliokuwa nao. Na Siti anamtaja muuaji kwa jina! Santuri ikachezwa mikahawani, kila mtu akasikia. Hiyo ni riwaya nzima, bwana, ndani ya dakika chache.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Nimeusoma mara mbili, nauheshimu, lakini wakubwa wanisamehe: anamsifu Siti mpaka anakuwa kama mtu asiyekanyaga matope. Mie namtaka yule wa "Kijiti", aliyejua habari za mtaani na za mahakamani. Tena hakuwa peke yake. Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban walikuwa naye, wakikutana nyumbani kwake na kutunga pamoja. Siku hizi nyimbo zote tunaziita za Siti, basi.

Hilo la jina ndilo linaloninyima usingizi. Shangazi yangu huanika dagaa hapa mwaloni, na kwenye arusi ndiye anayeitwa kuanzisha nyimbo, za Kiha na za Kiswahili. Ana wimbo mmoja juu ya mjane aliyenyang'anywa mtumbwi wa marehemu mumewe na mashemeji. Kila mtu anajua ni nani, hakuna anayemtaja. Nataka wimbo huo uwe sura ya kwanza ya riwaya yangu. Jioni moja nikamwomba niurekodi.

"Shikamoo shangazi. Nataka sauti yako isipotee."

"Marahaba. Na hicho kitabu, juu kitaandikwa nani?"

"Mimi, shangazi."

"Haya. Mimi nitakuwa wapi?"

Nikasema nitamshukuru ukurasa wa kwanza. Akaendelea kugeuza dagaa wake, kisha akauliza, "Na mwenye mtumbwi?"

Nikamweleza habari za Siti na Kijiti. Akasikiliza vizuri, akauliza huyo Kijiti alikamatwa? Nikamwambia alikwisha kukimbia. Akasema, "Ndiyo maana aliweza kumtaja. Hawa mashemeji wapo hapahapa, wananiuzia dagaa kila alfajiri. Na yule maiti wa Unguja alikuwa hawezi kuulizwa. Huyu wetu yu hai."

Nimelala na maneno hayo wiki mbili. Kama Siti angesubiri ruhusa, tusingekuwa na "Kijiti". Lakini pia shangazi anakula kwa mizani ya wale watu, si mimi.

Juzi akaniita mwenyewe. Akasema wimbo ataniimbia, ila kwanza nikamwone mjane, nimsomee nilichoandika, kila neno. Anakaa Katonga siku hizi. Nakwenda Jumamosi na daftari. Simu nitaiacha nyumbani.