Hifadhidata Isiyo na Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaokusanya fasihi simulizi nyanjani tumeuzingatia usemi huo: tunarekodi, tunaandika, tunahifadhi. Hata hivyo, hautuambii ni nani mwenye idhini ya kulitumia daftari baada ya aliyelifungua kuondoka. Swali hilo nililetewa na kompyuta.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu nyimbo za Kiswahili za wachumaji chai katika kaunti za Kericho na Bomet, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Sotik. Katika mashamba makubwa wamekutana watu wa jamii nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kazi yenyewe haiwezi kusubiri. Mashine za kuchuma zinachukua nafasi ya mikono. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza kadhaa huko Kericho wakilalamikia kupotea kwa ajira. Mkono ukiacha kuchuma, wimbo wa kuchuma nao hukosa mwimbaji.

Nyimbo hizo nilizipanga ndani ya hifadhidata ya SQL Server katika majedwali matatu: nyimbo, waimbaji na vituo vya kununulia majani. Kompyuta ya idara ilipobadilishwa, nakala yake ilirejeshwa kwenye kompyuta mpya. Kila ubeti ulisomeka. Lakini nilipotaka kuunda mchoro wa uhusiano wa majedwali ili nimwonyeshe msimamizi wangu, programu ilikataa. Ilidai kwamba vifaa vya kusaidia michoro haviwezi kusakinishwa kwa kuwa hifadhidata haina mmiliki halali.

Madai hayo yalikuwa ya kweli. SQL Server haimtambui mmiliki kwa jina lake, bali kwa namba ya utambulisho. Akaunti mbili zenye jina moja katika kompyuta mbili tofauti zina namba tofauti, mithili ya majina mawili yanayofanana katika sajili za vijiji viwili. Hifadhidata ilikuwa imesafiri na namba ya mmiliki aliyebaki katika kompyuta ya zamani, na mashine mpya haikumjua mtu huyo. Mali ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo.

Tiba yake ni fupi. Mwenye mamlaka juu ya seva huandika amri moja:

ALTER AUTHORIZATION ON DATABASE::NyimboChai TO sa

Anayeogopa amri anaweza kufungua sifa za hifadhidata, aende kwenye ukurasa wa faili, kisha ajaze jina la mmiliki mpya. Faida ya akaunti ya sa ni kwamba namba yake ni ile ile katika kila seva, hivyo hifadhidata ikihama tena haitakuwa yatima. Baada ya hapo programu huomba ruhusa ya kusakinisha vifaa vyake. Ukikubali, huunda jedwali dogo la kuhifadhia michoro, na kazi huendelea.

Kwa mwanafasihi, hata hivyo, mjadala hauishii hapo. Lugha yetu hutofautisha mmiliki na mwenyewe. Akaunti ya sa sasa inaimiliki hifadhidata, lakini haikuimba hata ubeti mmoja. Nami niliyezirekodi nyimbo hizo si mwenyewe. Wenyewe ni wale walioziimba wakiwa na vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi lake. Nilipoutazama mchoro, mstari nilioutafuta kwanza ni ule unaounganisha wimbo na mwimbaji. Mstari huo ukikatika, hakuna amri ya kompyuta itakayourejesha.

Nawasihi wanachama wenzangu na wahadhiri wetu mambo mawili. Kwanza, hifadhidata za utafiti zisisajiliwe kwa akaunti ya mwanafunzi atakayehitimu na kwenda zake, bali kwa akaunti ya idara inayodumu. Pili, kila wimbo, kitendawili au ngano ifungamane na msimulizi wake, kwa jina au kwa namba ya siri kama alivyoridhia yeye mwenyewe. La kwanza litatuwezesha kuzisoma kazi hizi miaka ijayo. La pili litatukumbusha ni za nani.