Mzigo wa Jina Moja

Mwaka 2011, tishari lilipofika Bandari ya Juba kutoka Kosti, uliona vitanda kwanza, watu baadaye. Vitanda vya chuma, makabati, milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake, mabati yaliyofungwa kwa kamba. Na juu ya shehena hiyo wamekaa akina mama na watoto waliokwisha kuzoea jua na mbu wa Nile Nyeupe. Walikuwa wakirudi kutoka Khartoum, ambako wengine walikaa miaka ishirini na zaidi. Kura ya maoni ya Januari ilikuwa imeamua kwa karibu asilimia 99 kujitenga, na tarehe 9 Julai nchi mpya ikapandisha bendera. Pale ukingoni, chini ya miembe, wachukuzi waliimba huku wakipakua. Hata askari wa zamu walisaidia kubeba magodoro.

Nilifika Juba mwaka huo kufuata riziki, kama Wakenya na Waganda wengi: mabati, misumari, mabomba ya maji. Nilikuwa na sababu nyingine pia, ambayo wenzangu wa biashara sikuwaambia. Sisi ni Wanubi wa Kibera. Ukoo wetu hujihesabu tangu Lado, palipokuwa makao ya gavana Emin Pasha, si mbali na Juba ukiteremka na mto. Askari wake walikuwa vijana wa makabila mengi ya ukanda huu, waliotiwa jeshini na serikali ya Misri, kisha wakasahaulika huku baada ya Mahdi kuitwaa Khartoum mwaka 1885. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua pamoja na wake na watoto wao waitumikie kampuni ya Waingereza. Ndio waliozaa Bombo ya Uganda na Kibera yetu. Siku yangu ya kwanza bandarini niliwasalimu wachukuzi kwa Kinubi cha haboba, bibi yangu. Walicheka sana, lakini walinielewa, na bei ya kupakua ikashuka.

Unubi huohuo ulikuwa umenitia taabu pahali pengine, miaka kadhaa nyuma, nilipokwenda Kampala kumtembelea ami yangu wa Bombo. Alinipeleka Lubiri, kasri la Kabaka juu ya kilima cha Mengo. Ni mahali pa fahari. Kabaka Mwanga wa Pili alijenga hapo mwaka 1885. Kutoka Bulange, palipo baraza la Buganda, barabara imenyooka moja kwa moja hadi langoni, na pale inapokutana na mzunguko wa magari pana njia inayopita katikati, iliyowekwa kwa ajili ya Kabaka peke yake. Wengine wote huzunguka. Jumba la Twekobe limepakwa rangi na kufungwa. Mgeni huliangalia kwa nje, kisha huteremshwa mteremkoni kwenda kuonyeshwa kile kilichomleta.

Kwanza tulisimuliwa habari za tarehe 24 Mei 1966. Siku nne kabla, Lukiiko, yaani baraza la Buganda, lilikuwa limeitaka serikali ya Milton Obote iondoke katika ardhi ya Buganda. Obote alijibu kwa jeshi, na aliyelipeleka jeshi hilo kasirini alikuwa Kanali Idi Amin. Watu wa Kabaka walipigana kutwa nzima. Mvua kubwa ikanyesha, Kabaka Mutesa wa Pili akaruka ukuta, na mwisho wa safari yake ukawa London, alikofariki mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Lubiri ikageuka kambi ya jeshi, ikaitwa Malire.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole. Ami akamuuliza jambo kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, bila ukali. Ami hakurudia tena. Baadaye alinieleza kwamba Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, lakini Waganda wengi walikuwa wamekwisha kukisikia penye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Mzee aliyekisema kwa lafudhi ya Bombo alikuwa anajitaja kabila bila kuulizwa.

Kisha shimo. Ni jengo la zege lililochimbwa ubavuni mwa kilima, lenye ujia mmoja na vyumba visivyo na dirisha vilivyopangwa kando yake. Yasemwa lilijengwa na mafundi wa Israeli liwe ghala la silaha, kabla Amin hajavunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1972. Kijana alituambia kuwa ujiani paliwekwa maji yenye umeme, ili anayetoka chumbani asifike nje. Alitumulikia kuta: alama za viganja, maandishi ya mkaa. Akasema, "Amin's Nubians", akaendelea na hadithi. Ami alikuwa akitazama sakafu. Alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kushika bunduki. Amin alipoanguka Aprili 1979 aliacha cherehani yake na kukimbia na wengine kuvuka mpaka, akaishi Yei, huku kusini mwa Sudan, nchi ambayo babu zake walitolewa kwa nguvu.

Siwezi kusema kwamba kijana yule alidanganya. Amin alikuwa amewaandikisha jeshini Wanubi, Wakakwa na watu wengi kutoka kusini mwa Sudan, wakiwamo waliopigana katika Anyanya, waasi wa huko, na damu iliyomwagika chini ya utawala wake haina ubishi. Lakini maandishi aliyotumulikia hayakumtaja Amin peke yake. Mojawapo linamlilia Obote, likimlaumu kwa kifo cha aliyeliandika. Kasri lilivamiwa kwa amri ya Obote, likawa kambi miaka mitano kabla Amin hajatwaa serikali, na Amin alipokimbia jeshi halikuhama. Lilibadilisha wakubwa tu, likakaa humo hadi miaka ya tisini, baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1993 na Kabaka Mutebi kutawazwa. Ukuta ulikuwa na majina mengi kuliko masimulizi.

Nilikuja Juba nikiwa na Lubiri kichwani, nikaikuta Juba nayo ina jengo lake. Kwa mama wa chai pale bandarini, kwenye viti vya kukunja, wazee walinisimulia habari za White House, ndani ya kambi ya jeshi mjini. Mwaka 1992, waasi wa kusini wa SPLA walipoushambulia mji Juni na Julai, askari wa Khartoum waliwakamata raia, walimu, maafisa wa polisi na wanajeshi wa kusini. Mamia hawakuonekana tena. Mwaka ule wa uhuru habari hizo zilisimuliwa kwa sauti kubwa, kikombe mkononi. "Jallaba wamekwenda, ami," kijana mmoja mchukuzi aliniambia, "na mambo yao wamekwenda nayo." Jallaba ni Waarabu wa kaskazini. Wazee wakaitikia. Walisema siku moja watoto wa shule watapelekwa kutazama kilichotendwa na Jallaba, na sikuona ajabu. Kampala walikuwa wamekwisha kufanya vivyo hivyo.

Miaka miwili na nusu haikutimia barabara kabla ya usiku wa tarehe 15 Desemba 2013. Risasi za kwanza zilisikika katika kambi ya Giada, kati ya walinzi wa rais wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi zilikuwa zimeenea mitaani, na wanaume wa Kinuer wakawa wanasakwa nyumba hadi nyumba. Katika mtaa wa Gudele, ndani ya jengo la polisi, mamia ya wanaume walifungiwa chumbani na kupigwa risasi kupitia madirishani. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo iliyaandika hayo, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2015. Hakukuwa na Jallaba hata mmoja katika kisa hicho. Kule Bor watu walivuka mto usiku kwa mitumbwi na maboti kukimbilia Mingkaman. Pale bandarini kwetu matishari yaliyowaleta watu na vitanda vyao yakaanza kupakia magunia ya mtama wa msaada.

Tarehe 8 Julai 2016, kesho yake ikiwa sikukuu ya uhuru, Rais Salva Kiir na makamu wake Riek Machar walikuwa ndani ya J1, ikulu ya Juba, wakati walinzi wao walipoanza kupigana langoni. Vita vikaenda siku kadhaa. Duka langu lilivunjwa; sikuwapo kumwona aliyelivunja, nilikuwa njiani kuelekea Nimule, mpakani mwa Uganda, pamoja na maelfu. Mwezi uliofuata Uganda ilifungua makazi ya Bidi Bidi huko Yumbe, yakafikisha wakimbizi zaidi ya laki mbili. Ami yangu alikuwa amekimbia njia hizohizo, yeye akielekea kaskazini.

Leo nimerudi, na bandari ipo. Magari ya maji bado huteremka mtoni kujaza matangi, samaki wakavu bado hunuka mbali, na tangu 2022 kuna Daraja la Uhuru lililojengwa na Wajapani. Tangu vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, watu wanarudi tena kupitia mji wa mpakani wa Renk na kupanda mto kwa boti. Awamu hii wengi hawana kitanda wala kabati. Wana mfuko na mtoto. Hakuna anayeimba akipakua. Ukinyanyua simu kulipiga picha daraja au mto, mtu ataitwa. Tangu Machi 2025, Machar alipozuiliwa nyumbani kwake, kwa mama wa chai watu huongea bei ya dizeli. Habari za White House bado hutajwa, kwa kuwa hazimgusi aliyeketi karibu. Gudele haitajwi.

Mkataba wa amani wa 2015 uliahidi mahakama maalumu ya kuyasikiliza makosa hayo, wa 2018 ukarudia ahadi, na mpaka sasa haijaketi. Uganda nayo haina mengi ya kujivunia. Tume ya Jaji Arthur Oder iliwasikiliza mashahidi kuanzia 1986, ikatoa ripoti nene mwaka 1994, na waliofikishwa mahakamani kwa sababu yake ni wachache mno. Lubiri ilipata tiketi na mwongozaji kabla ya kupata hukumu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimtwika mtu mmoja aliyekwisha kukimbia, wewe huhisi uzito wowote. Ndiyo raha ya jina moja. Mganda anatoka shimoni akimlaani Amin na Wanubi wake, hana haja ya kuuliza nani alileta jeshi Mengo wala nani alibaki nalo. Mzee wa Juba anamlaani Jallaba, na kambi inabaki palepale na funguo zinapokelewa na mwingine. Hata sisi Wanubi tunayo namna yetu: tunasema mababu walichukuliwa kwa nguvu, jambo la kweli, kisha tunanyamaza kuhusu baadhi ya wajukuu.

Siku Juba itakapovifungua vyumba vyake kwa wageni, na itakuja siku hiyo, nitalipa kiingilio. Nitamwomba mwongozaji aanze na Khartoum na 1992 kama inavyostahili, asiruke Desemba 2013, aitaje Gudele kwa jina lake, awataje waliotoa amri pamoja na waliosimama madirishani. Aseme kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kinuer, kwa Kibari, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote ambayo mjane atamuelewa. Akinipa jina moja tu, nitajua jengo lile bado linatumika.