Hasira ya Wapenzi wa Léopards

Sisi watu wa Kongo tuna lugha nyingi na makabila mengi, lakini siku Léopards wanapocheza tunakuwa nyumba moja. Wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Kisangani na wa Kinshasa, wote wanangojea bao lile lile. Timu ikishinda, tunaimba njiani mpaka usiku. Ikishindwa, maneno yanasikika katika avenue ambayo mtoto wa katekisimu asingepaswa kuyasikia. Mchezaji anatukanwa, mama yake anatukanwa, hata kabila lake linatajwa.

Hasira hiyo ina sababu. Tukumbuke tarehe 5 Septemba 2017, pale Kinshasa. Timu yetu iliongoza Tunisia kwa mabao 2 kwa 0, na mlango wa Kombe la Dunia ulikuwa karibu kufunguka. Wageni wakarudisha yote mawili. Mwisho wa kundi Tunisia walipata alama 14, sisi 13. Mwaka wa 2019, katika Kombe la Afrika, tulitolewa na Madagascar, kisiwa kilichokuwa kinashiriki kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2022 tulitoka sare na Morocco nyumbani, bao 1 kwa 1, kisha kule Casablanca wakatufunga 4 kwa 1. Na Septemba 2025, Kinshasa tena, tuliongoza Senegal 2 kwa 0, tukamaliza kwa kushindwa 3 kwa 2. Nani asingeumia moyo?

Tunaumia zaidi kwa sababu tunajua Mkongomani anaweza. Mwaka wa 1939 mapadri Wabenedikto wa Élisabethville walianzisha timu ya vijana, wakaiita Saint-Georges. Timu ile ndiyo leo TP Mazembe, iliyochukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka wa 1967 na 1968, na mwaka wa 2010 ikafika fainali ya vilabu vya dunia. Kule Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle aliwajengea vijana viwanja, na hata sasa uwanja mmoja mkubwa wa Kinshasa unaitwa Tata Raphaël. Timu ya taifa nayo ilishinda Kombe la Afrika mwaka wa 1968, ikalishinda tena mwaka wa 1974, wakati Ndaye Mulamba alipofunga mabao 9 katika mashindano yale. Mtu ambaye hakuwa na kitu hakasiriki sana akikosa. Sisi tulikuwa nacho.

Lakini hasira hii tunaipeleka kwa nani? Tuangalie mwaka ule ule wa 1974. Baada ya kushinda Afrika, vijana wetu walikwenda Ujerumani ya Magharibi katika Kombe la Dunia, wa kwanza kutoka Afrika ya watu weusi. Scotland wakawafunga 2, Yugoslavia 9, Brazil 3. Wao hawakufunga hata bao moja. Katika mchezo wa Brazil, Mwepu Ilunga alitoka katika ukuta akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajaupiga. Dunia yote ikacheka, ikisema Waafrika hawa hawajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Wachezaji walisimulia kwamba feza walizoahidiwa hawakuzipata, na kwamba walitishwa na watu wa serikali ya wakati ule. Na Ndaye, yule wa mabao 9? Mwaka wa 1994 wezi walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko miaka mingi katika shida, akafa mwaka wa 2019.

Hapa, ndugu, tunaona jambo la dini, si la mpira tu. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi mshahara wake ni kosa kubwa linaloita ghadhabu ya mbinguni. Hakusema kwamba mcheza mpira ametengwa. Anayevaa jezi ya taifa anafanya kazi mbele ya macho ya watu wote, na wanaomtuma wanakaa nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo matusi yote yanamwangukia yule anayeonekana.

Hatusemi kwamba kila kushindwa kunatoka kwa feza. Siku ile ya Senegal, wenzetu walicheza vizuri, nao pia walikuwa na nchi nyuma yao. Mlinzi anaweza kuchoka, mlinda mlango anaweza kuteleza. Na wachezaji wale wale waliotukanwa Septemba 2025 ndio waliowatoa Cameroon na Nigeria kule Rabat mwezi wa Novemba. Waliowatukana Septemba waliimba majina yao Novemba. Je, wachezaji walikuwa watu wapya? Hapana, ni sisi tuliokuwa na ndimi mbili.

Basi hasira tusiifiche, tuiongoze. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpenzi wa kweli wa timu aulize maswali mapema, kabla ya filimbi ya kwanza. Vijana wamelipwa? Wamepata siku za kutosha za kufanya mazoezi pamoja? Wenye kuongoza mpira wametoa hesabu ya feza? Watoto wa mtaa wetu wana uwanja, au umeuzwa ukajengwa maduka? Maswali haya hayana kelele kama matusi, lakini mkubwa anayaogopa zaidi.

Tuanze katika parokia zetu. Pale kuna timu za vijana, kuna jezi zilizonunuliwa kwa mchango wa wakristu, kuna mwenye kushika sanduku. Hesabu isomwe mbele ya wote. Mtoto aliyekosa penalti asindikizwe nyumbani na wenzake, asiachwe peke yake njiani. Na Léopards wakicheza tena, wazazi wachunge ndimi zao mbele ya watoto, maana mtoto wa leo ndiye atakayevaa jezi ile kesho.