Maji Haya Si Yangu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusikia kutoka kwetu habari za ngeli na za mitihani. Leo twaomba radhi, maana tunataka kueleza habari za gari linalovuja, nalo ni gari letu wenyewe, Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 1994, ambayo ilipotufikia ilikuwa imekwisha kula chumvi nyingi.

Twaishi Biryogo. Kwa asiyeujua, huu ni mtaa wa Kigali, upande wa Nyamirambo, ambao zamani za utawala wa Wabelgiji uliitwa Kambi ya Waswahili. Na hata leo Kiswahili husikika humo barazani, dukani, na chini ya magari yanayotengenezwa. Kigali ni mji wa vilima, na uchochoro wa nyumbani kwetu ni mteremko. Gari letu hulala kando ya ukuta, chini ya mparachichi wa jirani, likiwa limeelekeza uso wake juu. Tunamwomba msomaji ayaweke akilini maneno haya, kwani sisi wenyewe hatukuyaweka, na kwa ajili hiyo tulimdhulumu mtu.

Jumamosi moja ya Novemba 2022, katika majira ya mvua ambayo kwa Kinyarwanda huitwa umuhindo, tulirudi jioni tukiwa na daftari 38 za insha za mwaka wa nne. Tuliziacha garini, chini penye miguu ya abiria, tukasema tutazisahihisha kesho. Kesho yake tulikuwa na wageni. Usiku mvua ilinyesha, na Jumatatu alfajiri tulipofungua mlango tulikutana na harufu ya uvundo, kama ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Zulia lilikuwa limelowa chepechepe. Daftari za chini zilikuwa zimevimba na kushikana kurasa. Wino wa bolpeni huvumilia maji kidogo, kwa hiyo nyingi ziliweza kusomeka baada ya kuanikwa. Lakini msichana mmoja alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mwepesi, na insha yake ilikuwa imegeuka wingu la buluu. Kilichobaki ni kichwa cha habari tu, alichokikoleza kwa bolpeni: “Siku Nisiyoweza Kuisahau.” Tulikuwa bado hatujaisoma.

Gari lilikuwa limeoshwa asubuhi ile ile ya Jumamosi, na kijana ambaye hutuoshea kila juma. Hatukufikiri mara mbili. Tulimwendea tukiwa na daftari mkononi, tukamwambia kwamba amemwaga maji ndani na kunyamaza. Alilitazama zulia, akaligusa, akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, maji haya si yangu.” Tulimjibu kwa maneno makali ambayo hatutayarudia hapa, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai, na tukakataa kumlipa. Kijana hakubishana. Aliinama akaendelea kuosha gari la mtu mwingine.

Mvua iliyofuata, zulia likalowa tena, na safari hii gari halikuwa limeoshwa.

Hapo tulipaswa kurudi kwa yule kijana. Badala yake tulikwenda kwa fundi, kwa kuwa ni rahisi zaidi kulipa fedha kuliko kukiri kosa. Fundi huyo, ambaye hatutamtaja, alitazama kioo cha mbele, akatamka kwamba mpira wake umekufa, akaupaka silikoni pande zote na kutudai franka 15,000. Kazi ilionekana nadhifu. Mvua ya tatu ikaingia kama kawaida.

Ndipo tulipoelekezwa kwa mzee mmoja mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake, mtu wa makamo aliyepita, ambaye kwake boneti ni “kapo” na kioo cha mbele ni “parabrizi”, maneno aliyorithi kwa waliofundishwa kazi kwa Kifaransa. Hatukumsahihisha. Yeye hakufungua sanduku la spana. Alivuta kiti, akaanza kutuuliza.

“Maji yana harufu tamu? Yanateleza kidoleni?”

“Hapana, mzee. Yananuka udongo.”

“Basi si ya radieta. Huingia siku za jua, ukiwasha kiyoyozi?”

“Kiyoyozi kilikwisha kufa kabla hatujalinunua.”

“Gari likitembea, au likilala?”

“Likilala.”

“Hulala likitazama wapi?”

Swali hili hatukuwahi kujiuliza. Tulipomweleza kwamba hulala likitazama kilimani, na ya kwamba kwa yule mwoshaji ni mahali tambarare, alicheka kidogo, akasema kwamba huyo kijana angemwaga mapipa kumi juu ya bodi na tone lisingeingia.

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alituamuru tuliegeshe gari kwenye mwinuko wa kiwanja, uso juu, kisha akauliza kama tuna chaki. Mwalimu gani hana chaki mfukoni? Akaisugua juu ya raba ya mlango wa abiria, akaufunga mlango, akaufungua. Mstari mweupe ulikuwa umejichora juu ya bati bila kukatika popote, ishara kwamba raba inabana sawasawa. Akatufahamisha jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui: maji huingia ndani ya tumbo la mlango kila mvua inyeshapo, yakipita kando ya kioo, na si ubovu, mlango una vitundu chini vya kuyatoa, na nyuma ya ubao wake kuna karatasi ya nailoni inayoyazuia yasimfikie abiria. Vitundu vikiziba au nailoni ikichanika, ndipo balaa. Vyetu vilikuwa vizima.

Kisha akatuingiza ndani, tukalala kifudifudi juu ya kiti cha abiria, kichwa chini ya dashibodi, tochi mkononi, na gazeti kavu limetandazwa sakafuni ili tone la kwanza lionekane. Yeye alichukua jerikani na kopo, akaanza kumwaga maji kutoka chini kwenda juu: kwanza chini ya mlango, halafu bawaba. Alisema ukianzia juu ya paa kila kitu hulowa mara moja, na hutajua ni kipi kilichokosa. Kila mahali alikaa dakika kadhaa kabla ya kupanda.

Kungoja kule kulikuwa kurefu, na mwalimu akingoja huwaza darasa lake. Tulikumbuka jinsi miaka mingi tulivyopiga mstari mwekundu chini ya “gari yangu” katika daftari za wanafunzi wetu, tukiandika pembeni “langu”, na mwezi unaofuata “yangu” inarudi palepale. Mwanafunzi hakosei penye kile kivumishi. Anakosea mbali zaidi, kwani kichwani mwake lipo neno la Kinyarwanda, imodoka, nalo husema “imodoka yanjye”. Sisi tulikuwa tukipaka silikoni.

“Vipi?” aliuliza mzee.

“Kukavu.”

Akapanda hadi penye lile bonde jembamba lililo chini ya kioo, mahali inapoota mikono ya waipa, palipofunikwa kwa wavu wa plastiki. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. Ghafla tulisikia kitu kama kikohozi ndani ya nyumba ya feni, na tone likaanguka juu ya gazeti, kisha jingine, kisha uzi mzima wa maji.

“Yanaingia, mzee! Yanaingia!” Tulipiga kelele kama mtoto aliyeona mwezi wa Idi.

Alifungua waipa, akauondoa ule wavu. Chini yake kulikuwa na majani ya mparachichi ya miaka, yaliyooza yakawa udongo mweusi, na katika udongo huo ulikuwa umechipua mmea mdogo wenye majani mawili. Bonde hilo limefanywa makusudi kupokea mvua inayoteremka kiooni. Lina tundu la kutolea maji kila upande, yakatokea nyuma ya gurudumu la mbele. Lakini humo humo upo mdomo unaovuta hewa safi kwa ajili ya abiria, nao umezungushiwa ukingo mfupi ili maji yasiingie. Matundu yetu yalikuwa yameziba kabisa. Gari likiwa tambarare, maji yalisimama chini ya ukingo na kukauka polepole. Likitazama kilimani, yalirudi nyuma, yakauruka ukingo, yakapita ndani ya feni na kushuka miguuni mwa abiria. Mzee alichokonoa kwa waya, akamwaga maji, na mara yakabubujika nyuma ya gurudumu, meusi kwanza, kisha meupe. Kazi hii haikuhitaji hata kipuri kimoja. Silikoni ya yule wa kwanza ilitupa shida zaidi kuiondoa kuliko maradhi yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kukausha, na hapo ndipo penye jasho. Usidanganyike, msomaji, kwa kugusa zulia juu ukaliona kavu. Chini yake kuna sponji nene inayoshika maji kwa majuma, na bati hulika taratibu pasipo mtu kuona. Tulifungua kiti, tukainua zulia, tukakamua sponji hadi ndoo ikajaa nusu. Sakafu ilikuwa imeanza kuota kutu mahali pawili. Mzee aliikwangua kwa brashi ya waya na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Zulia lilikaa siku tano juu ya mabati ya nyumba yake, likiingizwa ndani kila wingu lilipotanda. Tulipotaka kulirudisha alikataa. Alisema gari lisubiri mvua mbili nzito likiwa uchi, ndipo tutajua. Kwa hiyo tulienda shuleni siku nane tukiwa tumekanyaga bati, na hatukupata kuomba mvua kwa bidii kama siku zile.

Mvua mbili zikapita. Gazeti lilibaki kavu.

Siku tuliyorudisha zulia tulikwenda kwa yule kijana wakati wa chai, maana tulimtukana mbele ya watu, na kumwomba radhi faraghani kungekuwa kujiepusha. Tulimlipa Jumamosi ile na nyingine mbili alizokosa, tukasema wazi kwamba alisema kweli na sisi tulikosa. Wanywaji chai walinyamaza, mmoja akaanza kuikoroga chai yake upya. Kijana alihesabu fedha, akaturudishia ya Jumamosi moja, akasema hakuifanyia kazi. Kisha akataka aonyeshwe mahali penyewe. Tangu hapo, kabla ya kuosha, huokota majani penye wavu kwa vidole, humwaga kopo moja, na kuchungulia nyuma ya gurudumu.

Yule msichana tulimwomba aiandike tena insha yake, tukampa juma zima. Aliileta kurasa mbili. Ya kwanza, kwa kadiri ya wingu lile la buluu, ilikuwa na kurasa nne. Tulipomwuliza sababu, alitazama chini, akasema, “Siku yenyewe naikumbuka, Mwalimu. Nilivyoiandika ndiyo siikumbuki.”

Daftari lake lipo mezani petu. Hatujaandika alama.