Gari Dogo na Kipimo cha Ukubwa

Wahenga walisema: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii inafaa kutangulizwa kila panapozuka mjadala ambao Waingereza hawajapata kuumaliza, nao ni huu: katika magari yote yaliyoundwa nchini mwao, lipi ndilo bora kupita yote? Mpenda mbio huvutia kwake, mpenda raha huvutia kwake, na mkulima aliyezoea matope naye hakubali kuachwa nyuma. Ubishi huo unafanana sana na ule wa barazani katika miji ya mwambao, pale watu wanaposhindana juu ya nani gwiji wa ushairi. Aghalabu wabishi huwa wamesoma mashairi yale yale. Kinachowatenga ni kipimo. Na maadamu kila mmoja ameshika pishi yake, nafaka ile ile haiwezi kutoa hesabu moja.

Basi kabla ya kutaja jina la mshindi, hapana budi kuvitazama vipimo vyenyewe.

Kipimo cha kwanza ni ukamilifu wa kazi. Wenye kukishika hawaendi mbali na Rolls-Royce, na hasa lile gari la nguvu za farasi 40/50 lililotoka mwaka 1906, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Silver Ghost. Aliyelibuni, Henry Royce, alizaliwa mwaka 1863, mtoto wa msaga nafaka. Shule aliisoma kwa muda mchache, na utotoni aliuza magazeti ili apate riziki. Mwaka 1904 alikutana mjini Manchester na Charles Rolls, kijana wa ukoo wa kitajiri aliyekuwa akiuza magari London, na majina yao mawili yakawa jina moja. Mwaka 1907 gari lao lililopakwa rangi ya fedha lilikwenda na kurudi baina ya London na Glasgow, mara baada ya mara, mpaka likatimiza maili 14,371. Katika mwendo wote huo lilisimama bila ya kutakiwa mara moja tu, pale mtikisiko ulipoifunga bilula ya petroli. Baadaye likafunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande, na gharama ya kurudisha vilivyolika ikawa pauni 2 na ushei.

Nani atakataa kwamba hiyo ni kazi ya mikono iliyobarikiwa? Lakini magari ya aina hiyo yaliyoundwa mpaka mwaka 1926, Uingereza na Marekani pamoja, hayakufika 8,000. Waliyoyapanda ni wafalme, maharaja na matajiri. Ukamilifu wa namna hii ni mfano wa diwani nzuri iliyofungiwa sandukuni: waliobahatika kuifungua huisifu, na wengine wote huamini sifa waliyosikia.

Kipimo cha pili ni uzuri, na hapa hutajwa Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwezi wa Machi 1961. Umbo lake lilitoka katika mahesabu ya Malcolm Sayer, mtu aliyejifunza kazi katika kiwanda cha ndege, ambaye kila mkunjo wa bati aliupatia tarakimu kabla ya kuupatia mstari. Watu waliotaka kulijaribu siku ile walikuwa wengi mno hata ikapigwa simu Coventry, na dereva wa majaribio, Norman Dewis, akalikimbiza gari la pili usiku kucha, akalifikisha Geneva asubuhi. Bei yake ilizidi kidogo pauni 2,000, ilhali magari ya kushindana nalo yaligharimu karibu mara mbili. Mwaka 1996 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliingiza gari hili katika hazina yake. Lakini mwenye macho na aseme: nani aliyebadilisha maisha yake kwa sababu ya E-Type? Uzuri ni haki yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Ila alikuja kama ua. Alitazamwa, alinusiwa, na mwaka 1974 utengenezaji wake ukafikia ukingoni.

Kipimo cha tatu ni manufaa, na hapa mjadala huingia mahali pazito. Vita vya mwaka 1945 Waingereza walivishinda, lakini walitoka maskini. Chuma cha pua kiligawiwa na serikali kwa mizani, na kampuni iliyotaka kupata fungu la maana ilibidi iuze bidhaa zake ng'ambo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa pwani ya kisiwa cha Anglesey pamoja na kaka yake Spencer, mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo. Hapo, juu ya mchanga wa ufuko wa Red Wharf Bay, alichora umbo la gari la shamba. Maadamu chuma kilikuwa haba, mwili wake uliundwa kwa aluminiamu, madini yaliyojaa katika viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za vita. Mabati yake yalikuwa bapa, kwa sababu bapa hukunjwa kwa mkono bila ya mashine ghali. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa Amsterdam.

Afrika ya Mashariki haihitaji kuelezwa gari hili ni gari gani. Afisa wa koloni alilipanda, na mmisionari, na polisi, na bwana nyama wa mbugani. Bendera ziliposhushwa na nyengine kupandishwa, likapandwa na wakubwa wapya na wachanja ndui vijijini. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha na magari yao, mamia kwa mamia, mengine yamezeeka kuliko waliokuwa wakiyaendesha. Kule kiwandani Solihull, gari la mwisho la ukoo ule wa zamani lilikuwa limekwisha kutoka tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari yapatayo milioni 2.

Ingekuwa manufaa ndiyo kipimo pekee, mjadala ungefungwa hapa. Lakini haki ni haki: Land Rover ilijifunza kwa Jeep ya Wamarekani, na lile gari la kwanza kabisa la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Tena ni gari la mahali pasipokuwa na barabara. Nalo ni jambo kubwa, lakini si kila mtu anaishi mahali pasipokuwa na barabara.

Hapo ndipo linapoingia gari la nne, dogo kuliko yote. Nalo lilizaliwa kwa dhiki. Mwezi wa Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaivamia Misri, mfereji ukazibwa, na kufikia mwezi wa Disemba Waingereza wakawa wanapanga foleni ya petroli na vikaratasi vya mgao mkononi. Magari madogo ya Kijerumani, yenye magurudumu matatu na mwili kama povu la sabuni, yakaanza kununuliwa. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, alichukizwa na kiroja hicho. Akamwita Alec Issigonis, akamtaka amuundie gari dogo la kweli, upesi, kwa sharti moja: atumie injini iliyokwisha kuwepo kiwandani.

Issigonis hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa Smyrna, ambayo leo ni Izmir ya Uturuki, mwaka 1906. Baba yake alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza, na mama yake Mjerumani. Mwaka 1922, mji ulipoangukia katika vita, wakatolewa kwa meli za Waingereza hadi Malta. Baba akafia huko. Kijana na mama yake wakafika London wakimbizi. Chuoni alianguka mtihani wa hisabati mara tatu, na tangu hapo akawa anaisema vibaya hisabati maisha yake yote. Mawazo yake aliyatoa kwa kalamu, kwa michoro ya mkono mtupu, kisha akawaachia mafundi wayatafutie vipimo.

Naye alianza na nafasi ya watu. Gari liwe na urefu wa futi 10 tu, na watu wanne wakae humo kama binaadamu. Injini ya kawaida ilipangwa ielekee mbele na nyuma, ikila karibu nusu ya gari. Yeye akaigeuza ikakaa ubavu kwa ubavu. Giaboksi ikakosa pahala. Akaitia chini ya injini, ndani ya bakuli la mafuta, vyote viwili vikaoga mafuta mamoja. Nguvu ikaenda kwenye magurudumu ya mbele, kwa hivyo ule mhimili mrefu unaopita chini ya sakafu ukaondoka. Magurudumu yakapunguzwa hata yakawa ya inchi 10. Mahali pa springi za chuma Alex Moulton akaweka vibonge vya mpira. Madirisha yakawa ya kusukuma kando, ili unene wa mlango ubaki kuwa mfuko wa kutilia vitu. Tarehe 26 Agosti 1959 gari likatangazwa, kwa bei isiyofika pauni 500. Lile la Morris likaitwa Mini-Minor, na jina la Mini ndilo lililobaki.

Mpenzi wa ushairi atalielewa jambo hili kwa wepesi kuliko mhandisi. Mtu aliyepewa mizani 16 na vina viwili hana ruhusa ya kusema kila alitakalo, na kwa sababu hiyo hulazimika kusema lile ambalo asingelifikiria lau angeachiwa uwanja mpana. Chuma haba kilizaa Land Rover. Petroli haba ikazaa Mini. Lakini katika Mini dhiki iliingia ndani zaidi, mpaka kwenye uti wa mgongo, ikapindua mpangilio wa gari lenyewe.

Kasoro zilikuwepo. Magari ya mwanzo yaliingiza maji sakafuni, na mvua ikivuma kwa mbele, injini ilizima kwa kulowa. Kuna pia hesabu inayohadithiwa sana: Ford walilinunua moja, wakalifungua mpaka msumari wa mwisho, wakakadiria kwamba BMC walikuwa wakipoteza pauni 30 kwa kila gari. Juu ya hayo, muuguzi wa mtaani alilinunua, mwalimu akalinunua, na wanamuziki wa Beatles wakalinunua, wakakutana kwenye taa za barabarani bila ya mmoja kumtazama mwenzake kwa chini. John Cooper akalitia injini kali, na mwaka 1964 Paddy Hopkirk akashinda nalo mbio za Monte Carlo, dhidi ya magari yenye nguvu maradufu. Likashinda tena mwaka 1965 na 1967. Mwaka 1966 lilitangulia pia, likaondolewa kwa sababu ya taa.

Wapinzani wana hoja moja nzito, nayo isifichwe. Wanasema Issigonis hakuwa wa kwanza: DKW ya Wajerumani ilikuwa na injini ya ubavu na magurudumu ya mbele yenye nguvu tangu mwaka 1931. Tena mpango unaofuatwa na magari madogo mengi ya leo ni ule wa Mtaliano Dante Giacosa, aliyeitoa giaboksi chini ya injini akaiweka pembeni yake, kwanza katika Autobianchi Primula ya mwaka 1964, kisha katika Fiat 128 ya mwaka 1969. Yote mawili ni kweli. Lakini DKW ilikuwa na injini ndogo ya silinda mbili. Aliyeiaminisha dunia kwamba injini kamili ya silinda nne yaweza kulazwa ubavu, na familia nzima ikapata nafasi, ni Mini. Na Giacosa alifanya lile linalofanywa na mfasiri hodari: alilichukua tungo la mwenziwe, akalisema kwa lugha iliyonyooka zaidi. Tafsiri ikisomwa kuliko asili, asili haikupungukiwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba lilikuwa na neno la kusemwa.

Mwaka 1999 waamuzi kutoka nchi mbalimbali walichagua gari la karne. Ford Model T ikawa ya kwanza, na Mini ya pili, juu ya Citroën DS na Volkswagen ya Kobe. Hakuna gari jengine la Kiingereza lililofika hapo.

Hata hivyo ushindi huo una uchungu ndani yake. Mini ya mwisho ya umbo lile ilitoka Longbridge, Birmingham, mwezi wa Oktoba 2000, baada ya zaidi ya milioni 5.3. Mwezi wa Aprili 2005 kampuni ya MG Rover, iliyorithi kiwanda hicho, ilifilisika, na watu zaidi ya 6,000 wakarudi nyumbani bila ya kazi. Jina la Mini leo ni mali ya BMW ya Ujerumani, ambao ndio pia wenye Rolls-Royce. Jaguar na Land Rover ziko mikononi mwa Tata wa India tangu mwaka 2008. Majina yamebaki, na baadhi ya viwanda vingali vinavuma, lakini wenye mali ni wengine. Gari walilokuwa wakiliuza kwa bei ya hasara lilizifundisha nchi nyengine kuunda magari madogo, na nchi hizo zikaja kuuza yao kule Uingereza.

Anayepima ukubwa kwa faida atasema basi Mini ilishindwa. Anayeupima kwa uzuri atairudia Jaguar, na kwa ukamilifu, Rolls-Royce. Lakini kipo kipimo ambacho washairi wanakijua tangu kale: tungo kubwa ni lile linaloingia katika usemi wa watu hata wanalitumia bila ya kukumbuka limetungwa na nani. Katika miji mingi duniani, fundi akifungua boneti ya gari dogo huikuta injini imelala ubavu, na haoni ajabu yoyote. Haoni ajabu kwa sababu mkimbizi wa Smyrna, aliyeanguka hisabati mara tatu, alikwisha kuimaliza ajabu hiyo mwaka 1959. Kwa pishi hiyo, gari kubwa kupita yote ya Waingereza ni lile dogo.