Maji ya Moto Njia Nzima

Binti yangu wa pili alizaliwa Ifakara, mdomo umepasuka upande wa kushoto na mpasuko umeingia mpaka kwenye kaakaa. Mkunga aliyempokea hakunificha wala hakunitisha. Alimfuta, akamfunga kanga, akaniwekea kifuani na kusema, “Mama, huyu hatanyonya kama dada yake, lakini atashiba. Tutakufundisha.” Nilishika hilo neno, atashiba, na sikuliachia.

Watu wengi hudhani mtoto wa namna hii anashindwa kunyonya kwa sababu ya mdomo. Shida kubwa iko kwenye kaakaa. Mtoto anyonyapo huziba mdomo kila upande akavuta, maziwa yakamfuata. Kaakaa likiwa wazi hewa inapita puani, hana anachovuta. Anahangaika, anatoka jasho, kisha analala. Asiyejua anasema ameshiba, kumbe amechoka.

Kwa hiyo nikafundishwa kukamua kwa mkono. Mwanzoni nilimnywesha kwa kikombe kidogo cha kahawa, nikikigusisha kwenye mdomo wa chini na kumwacha arambe mwenyewe. Baadaye nikapata chupa laini ya kubinya, chuchu yake imechanwa msalaba ili maziwa yatoke bila kuvutwa. Mtoto akae wima, vinginevyo maziwa yanatokea puani. Binya anapomeza, acha anapovuta pumzi. Mcheulishe mara kwa mara, maana anameza hewa nyingi. Na mlo usizidi nusu saa, kwa sababu baada ya hapo nguvu anazotumia kula zinazidi zile anazopata.

Nyumbani niliweza. Kazi ilikuwa kutoka.

Na kutoka ilikuwa lazima. Daktari alinieleza kwamba mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, mtoto akiwa na kilo zinazokaribia 5 na damu isiyopungua 10. Kabla ya hapo apimwe uzito kila wiki, waone kama anapanda. Kisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwetu. Mtoto asiposhiba njiani uzito unashuka, na uzito ukishuka tarehe ya upasuaji inasogezwa mbele. Kwa hiyo upasuaji wa mwanangu ulianzia kwenye kiti cha basi, na nitalisema hili popote nitakaposimama. Nimekutana na kina mama waliokaa na watoto wao ndani miaka na miaka. Watu wanawasema kwamba wanaona aibu. Wengine aibu wanayo kweli, lakini wengi walichoshwa na jambo moja tu: watamlishaje mtoto huyu mbele za watu, maziwa yakiwa ya baridi, chupa ikiwa chafu, maji ya moto hakuna?

Maneno nayo yalikuwepo. Nimeambiwa nilitazama mwezi ukipatwa. Nimeambiwa nilishika kisu nikiwa na mimba ya miezi saba. Mdomo wa mtoto hujiunga kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, wakati ambapo kina mama wengi ndiyo kwanza wanahisi wamekosa siku zao. Kisu cha mwezi wa saba hakina kilichofanya hapo. Nililieleza hilo kwa upole kwa yeyote aliyenisikiliza, pamoja na wakwe zangu, na mama mkwe ndiye aliyekuja kuwa mtetezi wangu mkubwa.

Sasa niseme nilivyokuwa nikijiandaa, kwa sababu kuna atakayesoma akiwa na safari kesho.

Sikuwa na friji. Jirani yangu, ambaye huuza maji baridi na barafu, alinipa kona moja ya friji lake, akaweka karatasi: “Maziwa ya mtoto, msiguse.” Maziwa niliyokamua niliyagawa kidogo kidogo, kila chupa mlo mmoja, ili kisichonywewa kisiwe kingi cha kumwaga. Mabaki ya mtoto aliyekwisha kuweka mdomo hayarudishwi kwenye baridi. Alfajiri nilizipanga chupa hizo kwenye deli dogo, katikati ya chupa za maji yaliyoganda. Maziwa ya mama yaliyotoka kwenye friji yanakaa salama hivyo mpaka saa 24, barafu ikiwa bado barafu. Nje ya barafu yanahesabiwa saa 4, tena hizo ni za mahali penye joto la nyuzi 25. Ifakara tunaijua. Nilijihesabia pungufu.

Mkono wa pili nilibeba chupa ya chai iliyojaa maji ya kuchemka, jagi la plastiki lenye mdomo mpana, kitambaa safi na kipande cha sabuni. Kupasha moto chenyewe ni kazi rahisi ila haitaki pupa. Maziwa ya mama hayachemshwi. Unamimina maji ya moto kwenye jagi mpaka nusu, unasimamisha chupa humo, unaizungusha taratibu ili mafuta yaliyojitenga yarudi, dakika chache zinatosha. Tone moja upande wa ndani wa mkono: ukihisi kama ngozi yako mwenyewe, tayari.

Maziwa ya kopo yana kanuni yake tofauti, nami nilijifunza pale yangu yalipopungua na daktari akaniongezea. Unga ule hauuzwi ukiwa umeuawa vijidudu vyote. Maji ya kuukorogea yasishuke chini ya nyuzi 70, ndiyo yanayoua kilichomo. Halafu unapoza chupa kwenye maji baridi mpaka maziwa yanyweke, na kilichobaki baada ya saa 2 unakimwaga. Kwa hiyo chupa ya chai isiyohifadhi joto haifai kwa safari hiyo, hata kama ni nzuri kwa kutazama.

Basi la Ifakara huondoka kungali giza. Baba watoto alitubebea deli mpaka stendi, akamwomba konda atupe viti vya mbele. Tukapita Kidatu na mashamba yake ya miwa, tukashika lami ya Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na humo hakuna kuchimba dawa, hakuna kushuka, dereva hasimami kwa sababu ya mtoto wa mtu. Ndipo binti yangu akaamka na njaa.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee aliyekuwa akimpelekea mwanawe mchele. Nikamwambia, “Babu, samahani. Naomba unishikie jagi hili, maji ni ya moto.”

“Lete, mwanangu.”

Alilibana kwa magoti, akalizungushia koti lake. Nikapasha. Nilipoanza kumlisha akagundua upesi kuliko wote ndani ya basi kwamba matuta ndiyo adui yetu. Akawa anatazama mbele ya dereva. “Tuta!” anasema, nami naondoa chupa mdomoni. Basi linapanda, linashuka. “Haya, endelea.” Nabinya, anameza. “Tuta!” Twiga walipita upande wa dirisha na abiria wakasimama kupiga picha, yeye hakugeuka. Maziwa yalipotokea puani dada mmoja wa kiti cha nyuma akashtuka kwa sauti, akasema nimfunike mtoto. Mzee akamjibu bila ukali, “Anakula huyu, tumwache ale.” Binti yangu alimaliza chupa nzima. Mzee yule sikumuuliza jina, na kila ninapomwombea namwita Babu wa Mikumi.

Tulipofika Msamvu, Morogoro, maji yangu yalikuwa yamepoa. Nilikwenda kwa mama mmoja wa chai.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Naomba maji ya moto chupa hii, nitalipia.”

Akamtazama mtoto, akatazama chupa. Akamwaga maji yangu ya zamani, akaisuuza chupa kwa maji yanayochemka, akajaza. “Ya mtoto hayalipiwi. Ukirudi pitia hapa uniambie walimfanyaje.” Nilipitia. Nilipitia safari zote.

Niliyojifunza barabarani ni kuomba kwa jina la kitu chenyewe. Nikisema tu “naomba msaada”, watu wanasita, hawajui wataombwa nini. Nikisema “naomba maji ya moto nimpashie mtoto maziwa”, muuza chai, fundi cherehani mwenye birika, mlinzi wa geti, kila mtu anajua la kufanya. Sikunyimwa maji ya moto hata mara moja.

Kazini nako palihitaji mpango. Mimi ni mwalimu. Siku 84 za likizo ya uzazi ziliisha kabla mwanangu hajashonwa kaakaa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, lakini mtoto wangu hakuwa akinyonya. Mwalimu mkuu hakubishana nami. Alisema kukamua ndiyo kunyonyesha kwangu, akanipa ufunguo wa stoo ya vitabu. Bila mlango ule wa kufunga, maziwa yangekauka.

Mdomo ulishonwa hospitali ya CCBRT, pale Msasani. Aliyepima uzito alisoma kwa sauti, na mimi nikalia palepale mbele ya mzani, kwa sababu zile gramu nilizijua moja moja zilikotoka: Kidatu, Mikumi, Msamvu, Chalinze. Wodini tulikuwa kina mama wa mikoa mbalimbali. Jioni tulibadilishana chuchu zilizochanwa, tukaoneshana namna ya kushika, mmoja wa kutoka Lindi akitumia kikombe kwa ustadi ambao sijauona kwa muuguzi yeyote.

Kaakaa lilishonwa baadaye, alipokwisha vuka mwaka. Chupa hatuitumii tena. Anakula ugali na mrenda, anang'ang'ania ndizi za dada yake, na maziwa hayatoki puani. Kinachotupeleka Dar siku hizi ni mazoezi ya kusema. Herufi zinazotaka pumzi ibanwe mdomoni, p na b na t, bado zinamtoroka kupitia puani, na mtaalamu amempa kazi ya kupuliza manyoya mezani na kurudia maneno mafupi mbele ya kioo. “Mama” analisema sawasawa. “Pipi” bado, na tunamfundisha kila jioni baada ya chakula.